Majani ya Mwamba na Karatasi ya Mandazi

Kibomet, Kitale
Jumamosi, alasiri

Kwako Nasimiyu, mama yangu,

Salamu sikupi, maana tumeachana saa nne tu zilizopita, ukanipungia mkono pale langoni huku mama yako akikuharakisha. Sasa mko Kimilili kwa shangazi yako, na ninamjua dada yangu: hatawaachilia kabla hamjala kuku na kuombewa, na maombi yake ni marefu kuliko kuku. Mimi nimefunga hoteli mapema. Watu wameona mlango umefungwa Jumamosi wakaanza kuulizana kama kuna msiba. Hakuna msiba. Kuna mzee anayeandika barua, na kwa mtu ambaye mara ya mwisho kushika kalamu alikuwa akiandika bei ya chapati ukutani, hiyo si kazi ndogo.

Sitakuambia habari za sweta, wala pasipoti, wala kuchunga pochi uwanja wa ndege. Hayo mama yako ameshayasema mara tisa, na kesho asubuhi kabla hujaondoka atayasema ya kumi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka saba kama kuku anayezunguka nafaka iliyo moto.

Mchana uliniomba nitie kopi ya pasipoti katika faili lako la bluu. Nimelifungua. Nyuma ya barua ya mwaliko kutoka China nimeona karatasi yako ya matokeo ya Kidato cha Nne, ile ile, yenye doa la mafuta katikati, doa la pembe tatu. Nililijua hata kabla sijavaa miwani. Kwa hiyo hukuitupa. Na kesho unasafiri nayo.

Nasimiyu, nataka kukuomba msamaha kabla hujapanda ndege. Naandika kwa sababu sijiamini kusema. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa, na wangu ulikuponza wewe, wala hukuwa umenikosea lolote.

Lakini ngoja kwanza nitie maji.

Ulipokuwa ukitoka ulisema, "Baba, yale majani ya Bwana Lin yaliyobaki kwa kopo ni yako. Pika vile nilikuonyesha. Na usitie maziwa." Ukacheka, nami nikacheka. Sasa niko nayo hapa mezani, na bakuli lako dogo lenye kifuniko, na jiko la makaa miguuni. Nimetia maji ya kwanza, nimehesabu mpaka tano, nimeyamwaga. Miaka arobaini nimepika chai, na bado naumia nikimwaga hayo maji ya kwanza. Moyo wangu unaniambia, mzee, hiyo ni chai ya mtu unaimwaga.

Unajua nilikojifunza chai. Nilitoka Misikhu nikiwa kijana wa kubeba magunia ya vitunguu sokoni, nikapata kazi Bungoma mjini, jikoni kwa familia ya Kalasinga waliokuwa na duka la vyuma. Mama wa nyumba ile alikuwa mkali kuliko polisi. Alinifundisha maziwa, tangawizi, iliki, sukari, na majani yatiwe yakiwa ya kutosha. Alisimama nyuma yangu akisema, "Wacha ichemke. Bado. Wacha ichemke mpaka isikie." Nikatoka pale nikiwa mpishi wa chai, na tangu siku hiyo niliamini kwamba kila jani duniani linataka kuchemshwa mpaka lisikie. Na sikuamini hivyo kwa majani peke yake. Nilikulea hivyo.

Maji ya pili nimeyanywa sasa hivi. Rangi yake ni ya asali ya nyuki wa mlimani, ile nyeusi kidogo. Harufu ni ya moshi, lakini si moshi wa kuni mbichi unaokutoa machozi. Ni ule wa jikoni kwa mama yangu, ambaye ulirithi jina lake, mahindi ya mbegu yakining'inia darini juu ya moto miezi mitatu. Nimekaa na kikombe puani kabla ya kunywa. Mtu angenikuta angedhani nimeugua.

Bwana Lin unamkumbuka vizuri kuliko mimi, lakini nataka uone siku ile kwa macho yangu. Alikuwa mpimaji kwenye kambi ya watengeneza barabara, mtu mwembamba wa maneno machache, na kila asubuhi alikula kwetu chapati mbili na yai. Siku moja akaja na pakiti ya karatasi iliyofungwa kwa uzi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mzee, hii kutoka kwetu. Milima ya Wuyi. Baba yangu tengeneza."

Sasa mgeni amekuletea chai iliyotengenezwa na baba yake kwa mikono yake. Utamfanyia nini? Utampikia kuliko unavyowapikia wengine wote. Nilitoa sufuria ile kubwa. Nikatia maziwa ya asubuhi ambayo hayajaona maji, nikaponda tangawizi, nikatia sukari bila kupima. Nikafungua pakiti. Majani yalikuwa marefu, meusi, yamejisokota kama nyuzi za kamba iliyochomwa. Nikaona ni haba, nikatia nusu ya pakiti. Yakachemka, yakapanda mara tatu, na humo sufuriani yakaanza kujikunjua, mapana, mazima, yenye shina. Nilishangaa. Chai yangu maisha yote ni unga. Nikayakandamiza kwa mwiko ili yatoe.

Nikampelekea kikombe kikubwa, kile cha bati. Akanywa yote polepole. Akafuta mdomo. "Nzuri, Mzee. Asante." Nikarudi jikoni kifua mbele.

Wewe ulikuwa kwenye karai unaosha vikombe. "Baba, uso wake umeuona?"

"Uso gani? Si amesema nzuri?"

"Amesema tu."

Kesho yake ulimfuata mwenyewe na mikono yenye povu, ukamuuliza, "Kwenu mnaipikaje?" Alinitazama kwanza, akiogopa kuniaibisha. Halafu akatoa kwenye mkoba bakuli dogo lenye kifuniko na vikombe viwili vidogo kama vifuniko vya chupa ya dawa. Nikamwuliza kama hivyo ni vya kunywa ama vya kupimia mtoto dawa ya kikohozi. Wateja wakacheka. Yeye akakuonyesha wewe, si mimi.

"Hii jani, maji ya kwanza mwaga. Ya pili, yeye amka. Ya tatu, ya nne, ndio yeye."

Nilionja nikatangaza kwamba hayo ni maji yaliyosuuza nyumba iliyoungua. Wewe ulionja ukafumba macho. Ukasema, "Baba, kuna jiwe humu ndani." Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema, "Sikieni huyu. Ameanguka mtihani, sasa amehamia kula mawe."

Unaona nilivyokuwa.

Maji ya tatu. Nimelazimika kuweka kalamu chini.

Mama, ulikuwa umesema kweli. Jiwe limo. Nilipokuwa nikichunga ng'ombe wa mjomba juu ya Kimilili, kulikuwa na mwamba uliotoa maji tone kwa tone hata kiangazi. Tulikuwa tunaweka midomo juu ya jiwe lenyewe na kunyonya. Maji yale yalikuwa na ladha ambayo sijaikuta kwenye kisima wala bomba, ladha safi, ngumu, ya kitu kilichokaa gizani muda mrefu. Nimepita miaka hamsini bila kuikumbuka. Leo imenijia katika kikombe cha majani yaliyotoka upande wa pili wa dunia. Na baada ya kumeza, nilipodhani yamekwisha, utamu umerudi kooni wenyewe bila sukari, nikiwa nimeshaanza kuandika sentensi nyingine. Chai yangu haijawahi kumrudia mtu hivyo. Chai yangu inamshibisha mtu, anaondoka.

Tangu ulipoanza kunifundisha habari zake nimekuwa nikijifanya nasikiliza nusu. Nilisikiliza yote. Ulinieleza kwamba kule Wuyi miti yenyewe imebanwa kwenye nyufa katikati ya miamba mirefu, jua linaifikia saa chache tu, udongo ni kokoto nyekundu, na maji yanateremka kwenye mawe yakiwa na ukungu. Mkulima wa hapa kwetu Trans Nzoia angetazama shamba hilo akalia. Sisi udongo wetu ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya, umepata debe. Lakini ukipanda mti ule ule kwenye udongo wetu mnono, ulisema, utapata majani mengi yasiyo na la kusema. Mwamba ndio unaoyapa sauti.

Ukanieleza wanavyoyatengeneza. Yakishanyauka juani kidogo, yanatikiswa kwenye nyungo pana ili kingo zigongane, zichubuke, zigeuke nyekundu huku katikati kukibaki kijani. Mtu anakaa nayo, ananusa, anatikisa, anayaacha yapumzike, anatikisa tena. Akizidisha yameharibika, akipunguza hayajasema kitu. Halafu moto unayasimamisha, yanasokotwa, na mwisho yanaokwa juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, saa nyingi, mwali usionekane kabisa. Na bado hayanywewi. Yanawekwa miezi mpaka ukali wa moto utoke. Nilipokusikia ukieleza hayo kwa mara ya kwanza, nilifikiri, kumbe kuna watu wanaotumia moto bila kuchemsha.

Usije ukadhani nimeisaliti chai yetu. Ile ya Nandi uliyoitengeneza kiwandani miaka hii miwili, kwa maziwa na tangawizi, hakuna chai ya kuishinda asubuhi ya baridi, na atakayebisha aje Kibomet. Ina moyo wake: inatoa kila kitu mara moja, rangi na nguvu, bila kukuficha. Hii nyingine haina haraka. Ukiihukumu kwa maji ya kwanza, umeyamwaga majani bure.

Basi. Sasa niseme lenyewe.

Matokeo yalitoka wiki tatu kabla ya Bwana Lin kuleta pakiti yake. Ulikwenda shuleni kuchukua karatasi, ukarudi ukapitia hotelini, ilikuwa karibu saa tano na watu wamejaa. Uliniletea mkononi. D. Sikukuuliza neno. Nilikuwa nimeshawatangazia wateja kwamba wewe utakuwa daktari, na wote walikuwa wakinitazama, na badala ya kukutazama wewe niliwatazama wao. Wafula wa poshomili, pale pa kusagia mahindi ng'ambo ya barabara, alikuwa amenunua mandazi ya kwenda nayo. Nikachukua karatasi yako, nikafungia mandazi yake humo, nikampa. Nikasema, "Miaka minne shuleni, ameniletea karatasi ya kufungia mandazi."

Watu walicheka. Hata Wafula alicheka, ingawa alisema, "Mzee, hii si kalatasi ya mtoto? Wacha bana, nipe gazeti." Nikamwambia aende nayo tu.

Hukulia. Ningependa ungelia. Ulitoka nyuma yake, na nikadhani umekwenda nyumbani. Baada ya miaka Wafula aliniambia ulimfuata mpaka poshomili, ukamsalimu vizuri, ukamwomba karatasi, ukangoja mpaka amalize kula. Kisha ukarudi, ukavaa aproni, ukaosha vikombe mpaka jioni. Jioni ile ulinipikia ugali. Hatukuongea habari hiyo siku ile wala siku nyingine yoyote.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Nilijiambia kwamba nilikuwa nikikutia uchungu ili ujikaze. Nilipokuona unasoma vitabu vya kurudia mtihani juu ya gunia la unga, nilijiambia, si unaona, imefanya kazi. Ulipopita, ukaenda chuo kusomea chai, nikawaambia wateja wale wale kwamba mimi ndiye niliyekufundisha chai. Ulipopata kazi kiwandani nilisema mtoto hujengwa na ukali. Huo ulikuwa uongo, Nasimiyu. Hukujikaza kwa sababu ya maneno yangu. Ulijikaza ukiwa umeyabeba.

Kosa langu halikuwa hasira tu. Mtu hukasirika, anapoa. Kosa langu ni kwamba nilidhani nimeshakujua wote kwa onjo moja. Nilikuona D, nikafunga hesabu. Halafu akaja mtu mgeni, asiyejua hata kusema Kiswahili sawasawa, akakaa na wewe kwenye benchi kwa asubuhi kumi na mbili au kumi na tatu, akakumiminia maji yale yale juu ya majani yale yale na kukuuliza kila mara, "Sasa nini?" Nawe ukawa unamjibu. Maua. Mdalasini. Ganda la mti. Jiwe. Nilikuwa natoa mandazi kwenye mafuta huku nimegeuza mgongo, na nilisikia mtoto wangu anajua vitu ambavyo mimi siwezi kuvitaja. Niliona fahari siku ile. Nilitakiwa kusema siku ile ile. Nilikaa kimya kwa sababu aibu ilikuwa imetangulia, na aibu ikishakaa kwenye kiti haimpishi mwingine.

Sikufananishi na majani. Majani hayana kumbukumbu, wewe unayo, imo kwenye faili la bluu. Nakuambia tu kitu kilichonikuta mimi, uzeeni, nikiwa najidhania fundi.

Maji ya nne yamekuja laini, moshi umekwisha kabisa, na kuna harufu ya maua ambayo sijui jina lake. Ya tano nimeyanywa nikiwa nakuandikia habari ya Wafula na sikuyasikia vizuri; nasikitika, nimeyapoteza. Lakini koo langu bado lina utamu. Kwa kweli ni kitu cha ajabu. Nimemnung'unikia Bwana Lin miaka yote hii kwa kuniharibia heshima yangu ya upishi, na leo ningempigia magoti, nimwombe radhi kwa ile nusu pakiti ya baba yake. Ukifika huko Wuyi na ukawaona wazee wa kwao wakikaa na makaa yao, waambie kuna mzee Kitale aliyechemsha chai yao kwa maziwa mpaka ikapanda mara tatu. Watacheka. Waache wacheke, nimestahili.

Nisamehe, mama. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Sikuombi usahau, na sikuombi unijibu kesho tukiwa tumesimama na mabegi, mama yako akihesabu sweta. Nilitaka tu usiondoke ukidhani kwamba baba yako hakujua alichofanya. Nilijua siku ile ile, kabla Wafula hajavuka barabara.

Karatasi sijaigusa. Iko mahali pake, nyuma ya barua ya mwaliko. Ukitaka kwenda nayo, nenda nayo, ni yako, uliipigania. Lakini kama inakulemea, niachie mimi. Nitaiweka kwenye fremu na doa lake, niitundike ukutani pale kwenye bei za chai, ambapo kila anayekula kwangu lazima ainue macho. Wafula bado anakuja kila asubuhi. Atauliza ni nini, maana haachi kuuliza. Nitamwambia mbele ya watu, kwa sauti ile ile: hii ni karatasi ya binti yangu, ambaye yuko Wuyi anatengeneza chai, na hilo doa ni langu.

Jua limeshuka upande wa mlima, mtafika sasa hivi, na barua hii naiacha juu ya faili lako. Mkifika, mama yako aingie ndani apumzike. Wewe pitia nyuma, kwenye jiko. Bakuli liko mezani limefunikwa, na majani yamo, bado yana nguvu, nimeyanusa. Maji ya sita sijayatia. Nimeweka vikombe viwili.

Baba yako